Nane Iliyosomeka Sifuri

Kila siku ya shule, saa kumi kasorobo, Kidole alifungua geti kwa goti kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa: huku mkoba, huku viatu vya mpira vilivyofungwa pamoja kwa kamba zake. Alinawa miguu kwenye bomba la uani, akaingia sebuleni, akamwamkia mama yake. Mama aliitikia bila kugeuka. Haikuwa dharau. Macho na mikono yake vilikuwa kazini.

Mama alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Meza yake ilikuwa pembeni mwa sebule, na juu yake palikuwa na kompyuta mpakato ndogo, na nyuma ya hiyo ndogo, skrini kubwa iliyounganishwa nayo kwa waya mnene. Kwenye kompyuta ndogo alisoma barua. Kwenye skrini kubwa alichora. Kuta, milango na ngazi za majengo ya watu zilianzia hapo, zikiwa mistari myembamba kuliko unywele. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wiki mbili njiani na siku tatu nyumbani, kwa hiyo mara nyingi walikuwa wawili tu, Mama na Kidole, na ile meza.

Kidole halikuwa jina alilozaliwa nalo binti huyu. Alilipata akiwa na miaka mitano, siku alipoifungua redio ya baba yake kwa kisu cha mkate ili amwone mtangazaji. Baada ya redio ikafuata pasi. Baada ya pasi ikafuata saa ya ukutani, ambayo tangu siku hiyo ilikimbia dakika kumi mbele kana kwamba inafukuzwa. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na tabia ile alikwisha kuiacha, lakini jina halikumwacha. Meza ya Mama nayo ilikuwa na sheria moja tu: Kidole hagusi kitu bila ruhusa.

Jumamosi moja alirudi kutoka mazoezini mchana akiwa na habari njema mdomoni, maana alikuwa amefunga mabao mawili. Hakupata nafasi ya kuitoa.

"Njoo hapa!" Mama aliita. "Njoo uniambie hiki ni nini."

Kidole alisogea, akaitazama skrini kubwa. "Yai?"

"Yai! Hilo ni duara, mwanangu. Hilo ni tangi la maji la zahanati. Nililichora likiwa mviringo kama sahani, leo limelala kama yai. Na maandishi haya? Yamevimba kama yameumwa na nyuki. Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, Mama."

"Jana nani alikuwa amekaa kwenye kiti hiki?"

"Mimi. Lakini uliniruhusu! Niliandika insha ya shule, nikazima. Skrini ilikuwa nzima."

"Insha, eh? Na baada ya insha?"

"Nikazima!"

Mama alimtazama vile mtu anavyomtazama paka aliyekutwa karibu na sufuria ya samaki. Kidole aliujua mtazamo ule. Aliujua toka enzi za redio. Akapandwa na hasira, kwa sababu safari hii hakuwa amefanya lolote, hata kidogo, na maneno ya kulithibitisha hilo hakuwa nayo.

"Kwani katika nyumba hii tuko wangapi?" Mama aliuliza. "Mimi, wewe na mjusi wa darini. Basi nimsingizie mjusi?"

"Mbona hunisadiki?"

"Nitakusadiki siku vitu vitakapoacha kuharibika vyenyewe. Na usinipandishie sauti. Wiki ijayo mazoezi ya mpira hakuna."

Kidole aliingia chumbani na kuufunga mlango kwa kishindo hadi kalenda ikaanguka. Alilala chali, ameuma meno. Mabao mawili, na hakuna aliyeuliza.

Kazi haikungoja. Zahanati ilikuwa inajengewa wodi mpya, na seremala alitaka vipimo vya milango Jumatatu asubuhi ili aanze kuchana mbao. Mama alichora Jumapili nzima akiwa ameikaribia skrini hadi pua ilikuwa karibu kuigusa. Alikunja uso, akafumba jicho moja, akabadilisha. Kila baada ya saa moja alijiwekea kitambaa chenye maji baridi usoni na kusonya. Kidole alipompelekea chai, Mama alimwonyesha kwa kalamu pa kuiweka, akaendelea kuchora. Nyumba nzima ilinuna. Hata sufuria zilikuwa zikiwekwa jikoni kwa hasira.

Jumatatu asubuhi Mama alituma vipimo. Alasiri akatoka kwenda duka la kuchapisha ramani.

Kidole alibaki peke yake na skrini. Alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akaitazama kama mtu anayemtazama adui aliyemzulia jambo. Ndani yake kulikuwa na wazo lililokuwa likichemka tangu Jumamosi: akiitengeneza, Mama atajua kwamba hakuiharibu. Au Mama atasema, "Unaona? Ulijua ulichofanya." Hili la pili hakulifikiria. Hasira ina jicho moja tu.

Akakaa, akafungua mipangilio ya skrini. Palikuwa na orodha ya ukubwa wa picha, lakini ilikuwa fupi ajabu, mistari mitatu tu, yote ya namba ndogo. Akajaribu wa kwanza. Yai likazidi kunenepa. Akajaribu wa tatu; maandishi yakazidi kuvimba. Akaingia ndani zaidi, kwenye ukurasa asioujua, akakuta namba nyingine inayosema picha ijichore upya mara ngapi kwa sekunde moja. Akachagua iliyo kubwa kuliko zote, kwa imani kwamba kikubwa ni kizuri. Kompyuta ndogo ikamuuliza kama anataka mabadiliko hayo yabaki. Wakati huohuo geti likalia. Kidole, bila hata kuinua macho kuitazama skrini kubwa, akabonyeza "ndiyo", akafunga ukurasa, akaruka hadi kwenye kochi na kushika daftari juu chini.

Skrini kubwa ilikuwa nyeusi tii. Kisanduku kidogo chenye maandishi meupe kilikuwa kikielea kutoka kona hii kwenda kona ile, kikisema kwamba picha inayoletwa hailingani na uwezo wa skrini.

Mama aliweka chini bomba la karatasi alilokuja nalo. Alikiangalia kile kisanduku kikisafiri. Kisha akamgeukia Kidole.

"Umegusa?"

"Sijagusa kitu, Mama."

Yalikuwa maneno yaleyale ya Jumamosi, kwa sauti ileile, uso uleule. Kidole aliyasikia yakimtoka, akashangaa jinsi yalivyofanana. Mama naye hakupiga kelele. Alichomoa waya wa umeme wa skrini kubwa, akakaa mezani, akaiinamia ile kompyuta ndogo na kuendelea na kazi humo, mgongo umepinda kama ndoana.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, geti lilipigwa kwa kitu kizito. Kidole alipofungua alirudi nyuma hatua mbili. Fremu nzima ya mlango ilikuwa inaingia, na katikati yake, ameibeba begani kama nira, alikuwa seremala, mtu mfupi mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mama yako yupo? Kama hayupo, nitamngoja. Nitamngoja hapahapa mpaka kesho!"

Mama alitoka, naye seremala akaisimamisha fremu katikati ya sebule, baina ya kochi na meza. Akachomoa futi ya chuma mfukoni, akaivuta ikalia.

"Mama Kidole, nisomee hapo."

"Sentimita mia moja."

"Mia moja. Na karatasi uliyonitumia inasemaje?"

"Mia moja."

"Vizuri! Mimi si mtu wa kubuni. Nimechana mbao, nimepiga randa, nimeunga fremu sita, siku tatu mfululizo, vijana wangu hawajanyoosha mgongo. Leo nimepeleka ya kwanza kwenye wodi. Muuguzi mkuu akasema, ngoja tujaribu kitanda. Tukasukuma kitanda. Kitanda kina upana wa mia na mbili!" Aliipiga fremu kofi, ikatetemeka. "Kikakwama! Mbele ya mafundi wote wa matofali kikakwama, wakanicheka hadi mmoja akakaa chini. Muuguzi akaniuliza, 'Fundi, mgonjwa tumpitishe dirishani?' Mimi! Miaka ishirini na mitatu nashika msumeno!"

Mama alikimbilia kompyuta ndogo, akaifungua picha ya karatasi ya vipimo iliyotumwa na muuguzi mkuu. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Akaikuza, akaikuza tena. Kidole aliona rangi ya uso wa mama yake ikibadilika.

"Mia na nane," Mama alisema polepole. "Ameandika mia na nane. Niliisoma mia moja. Kwenye skrini kubwa ile nane ilikuwa kama sifuri. Kila kitu kilikuwa kama sifuri."

"Sasa hiyo skrini ina kisa gani na mimi?"

"Fundi, nisamehe. Mashine yangu imeharibika. Huyu mtoto aliichezea, na mimi nikafanya kazi hivyohivyo kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Ni huyu."

Alinyoosha mkono kumwelekea Kidole. Seremala akageuza shingo, nyusi zake nyeupe zikamtazama.

"Kumbe ni wewe!"

Kidole alitaka kusema. Kinywa kilifunguka. Lakini aseme nini? Aseme kwamba Jumamosi si yeye, ila Jumatatu ni yeye? Akaitazama fremu, kubwa, safi, yenye harufu ya mbao mbichi, isiyofaa. Akapenya katikati yake kama mtu anayepita mlangoni, akatoka nje mbio, akakaa nyuma ya tangi la maji la uani, akapiga ukuta kwa ngumi mpaka vifundo vikachubuka.

Ijumaa shuleni alikuwa hashikiki. Alimjibu kiranja vibaya. Kwenye chumba cha kompyuta alisukuma stuli kwa mguu ikaanguka, darasa zima likageuka. Jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Redio kwa sababu hakuwahi kuzimika, aliiinua ile stuli.

"We, una nini leo? Umekula pilipili?"

"Niache."

"Siwezi, tumepangiwa kompyuta moja. Niambie."

Kidole akamwambia, kwa mafungu, huku akibonyeza vitufe kama anaviadhibu. Redio alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Sasa sijaelewa," akasema. "Wewe ulimwambia mama yako ukweli au uongo?"

"Vyote viwili."

"Basi atajuaje kipi ni kipi?"

Nyuma yao mwalimu wa kompyuta, mwanamke mrefu aliyevaa miwani iliyofungwa uzi, alikuwa amesimama na kitabu cha mahudhurio. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Stuli haina hatia," mwalimu alisema. "Nyanyuka uje mbele. Uniambie kuhusu hiyo orodha. Ulisema ina namba tatu tu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Zamani zilikuwa nyingi. Niliwahi kuziona."

Mwalimu alichukua chaki, akachora mraba mdogo na mraba mkubwa, na mstari wa kuiunganisha.

"Unapowasha, kompyuta huiuliza skrini, 'Wewe una ukubwa gani?' Skrini hujibu, 'Nina nukta kadhaa kwa upana na kadhaa kwa urefu.' Hapo kompyuta hutuma picha inayoienea sawasawa, kama fundi cherehani aliyekupima kabla ya kukushonea. Swali na jibu hupita ndani ya waya huu. Waya ukiwa na kasoro, swali linakwenda, jibu halirudi. Kompyuta itafanya nini?"

"Itakisia?"

"Itakisia, tena itakisia kidogo ili isikosee sana. Kisha skrini inalivuta lile vazi dogo lienee mwili mkubwa. Duara linakuwa yai. Nane inakuwa sifuri. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kugusa mipangilio yoyote, ni kuzima na kutazama waya."

"Kwa hiyo si mimi!" Kidole aliruka. "Mwalimu, mimi sikugusa waya! Niandikie barua nimpelekee Mama!"

"La Jumamosi huenda si wewe. Na weusi wa Jumatatu?"

Kidole akainamisha kichwa.

"Nisikilize vizuri, maana hili si la adabu tu, ni la ufundi. Skrini ya mama yako sasa ina makosa mawili, moja limekalia jingine. Fundi yeyote atakayekuja atatafuta kosa moja. Ataona weusi, atahangaika na weusi, na waya hatautazama. Ukilificha la juu, la chini halitaonekana kamwe, na utabaki umesingiziwa maisha yako yote. Barua sikuandikii. Mdomo unao."

Kidole alirudi nyumbani kwa miguu mizito. Njiani alijaribu kupanga maneno, akayapangua. Alikuwa bado na hasira na Mama, tena nyingi, na hilo ndilo lililokuwa gumu: kumwomba radhi mtu ambaye naye amekukosea. Alipofika hakuvua soksi. Alisimama nyuma ya kiti cha Mama, akasema yote kwa pumzi moja.

"Mama, Jumatatu niligusa. Niliingia kwenye mipangilio, nikabadilisha namba, skrini ikawa nyeusi, nikakudanganya. Lakini Jumamosi sikugusa. Naapa sikugusa. Unaweza kunipiga, lakini sikugusa!"

Mama aligeuka taratibu. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Siku nne! Siku nne napinda mgongo kwenye kioo hiki cha kitoto, nalala na maumivu, na wewe unakula, unalala, unajua?"

"Najua."

"Nikakuuliza usoni ukanijibu usoni!"

"Najua! Na Jumamosi pia ulinitazama usoni na nilikuwa nasema kweli, hukuniamini! Ukamwambia yule fundi mbele yangu! Ningekuambia Jumatatu, ungenisikiliza?"

Wote wawili walikuwa wakihema. Nje jirani alipunguza sauti ya runinga yake, bila shaka ili asikie vizuri zaidi. Mama akavuta kiti cha pili kutoka jikoni, akakiweka mezani kwa kishindo.

"Kaa. Nionyeshe ulichobonyeza. Kimojakimoja."

Kidole akamwonyesha. Waliichomeka tena skrini kubwa kwenye umeme, wakairudisha ile namba mahali pake, nayo ikafunguka: yai lilelile, maandishi yaleyale yaliyovimba. Kisha Kidole akafungua orodha, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu.

"Mwalimu amesema jibu halirudi. Amesema tuzime, tutazame waya."

Wakazima vyote. Mama akapitisha mkono nyuma ya kompyuta ndogo, akavuta, na waya ukatoka bila hata kuzungushwa zile skrubu mbili za pembeni ambazo huushikilia. Akakunja uso. Akaupeleka kwenye mwanga wa dirishani. Ndani ya kichwa cha waya palikuwa na vijino vyembamba vya chuma, vimejipanga safu tatu. Vyote vilisimama wima kama wanafunzi mstarini, isipokuwa kimoja, chini kabisa, kilicholala ubavu.

Kidole alikiona. Alisubiri Mama aseme, "Unaona ulivyokikunja?" Jibu lake lilikuwa tayari, limeshika moto. Lakini Mama alikitazama kile kijino kwa muda mrefu, kisha akakaa sakafuni, palepale, na waya mkononi.

"Jumamosi asubuhi," Mama alisema hatimaye, "wewe ulikuwa mpirani. Nilichomoa huu waya niende na kompyuta ndogo kwenye ujenzi. Niliporudi simu ilikuwa inaita. Nikauchomeka kwa mkono mmoja, bila kutazama. Ulikataa kuingia. Nikausukuma." Akaugeuza waya mkononi. "Nikausukuma kwa nguvu. Wala sikufunga skrubu. Sikulikumbuka hata mara moja. Nilikuwa nimekwisha kupata wa kumlaumu."

Kidole hakujua afanye nini na lile jibu lililokuwa limeshika moto. Hakuna aliyelihitaji tena. Machozi yakamtoka, si ya huzuni, bali ya hasira iliyokosa pa kwenda.

"Ulininyima mazoezi," alisema.

"Nilikunyima."

"Na nilifunga mabao mawili!"

"Mawili?" Mama aliinua uso. "Hukuniambia."

"Hukuuliza!"

Mama aliinuka, akachukua ile kalamu yake ya kuchorea yenye ncha ya chuma yenye tundu, akatoa risasi yake, kile kijiti cheusi kinachoandika. Akalivisha lile tundu kwenye kijino kilicholala, kama mtu anayemvisha mtoto kofia, akakinyanyua kidogokidogo, akipumua kwa pua. Kikasimama. Waliuchomeka waya pamoja, Mama akishika, Kidole akifunga skrubu, moja, kisha ya pili. Wakawasha.

Orodha ikashuka, ndefu kama mkia. Mama akachagua ile iliyoandikwa kwamba ndiyo inayopendekezwa. Skrini ikapepesa mara moja. Tangi la maji likarudi kuwa duara. Mama akafungua karatasi ya muuguzi mkuu. Mia na nane. Ile nane ilikuwa na kiuno chembamba kabisa, hata mtu wa mbali angeiona.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa seremala," Mama alisema.

"Wote?"

"Wote. Nilikutaja mbele yake. Siwezi kulifuta jambo hilo kwa simu."

Karakana ya seremala ilikuwa ikipiga kelele za msumeno walipofika Jumamosi asubuhi. Vijana watatu walikuwa kazini, vumbi limewajaa. Seremala aliwaona, akazima mashine, hakusalimia.

"Fundi," Mama alisema, na sauti yake ilisikika karakana nzima kwa kuwa mashine zilikuwa kimya, "Alhamisi nilikuambia mtoto wangu ndiye aliyeharibu skrini. Si kweli. Ni mimi niliyeukunja waya kwa haraka zangu, kisha nikachora milango yako nikiwa sioni vizuri badala ya kusimamisha kazi. Alhamisi sikujua. Sasa najua, na nikinyamaza nitakuwa mwongo. Mtoto alikosea siku nyingine, jambo jingine, na amekiri mwenyewe. Lakini fremu zako sita ni zangu mimi."

Kijana mmoja alikohoa. Seremala aliitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Mama Kidole, hasira yangu bado ipo. Usidhani imekwisha."

"Ina haki ya kuwepo."

"Wale mafundi wa matofali wamenipa jina. Wananiita Kitanda!"

Kidole alijitahidi sana. Alijiuma ndani ya shavu. Lakini kijana wa msumeno aliangua kicheko kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia isipokuwa seremala mwenyewe, ambaye alibaki amenuna kwa muda unaostahili, kisha mdomo ukamponyoka upande mmoja.

Walikaa juu ya magogo na ramani mpya. Stoo mbili, ofisi na chumba cha dawa havikuhitaji kupitisha vitanda. Fremu nne zingefaa huko. Mbili zingefumuliwa na kuwekewa mbao za juu zilizo ndefu zaidi, zifike mia na nane. Kwa milango minne iliyobaki ya wodi angechana upya, na Mama alisema wazi kwamba mbao hizo ni juu yake. Kidole alisomewa kila kipimo, akakirudia kwa sauti, na seremala akakiandika, akamsomea tena. Mara tatu kila namba. Hakuna aliyechoka kurudia.

Walipoagana, seremala alimwita Kidole. "Binti. Nilikutolea macho siku ile kwa kosa lisilo lako. Macho hayo nayarudisha."

Walishika njia ya nyumbani. Jua lilikuwa limeanza kuwaka na barabara ilikuwa na pikipiki nyingi.

"Bado nimekasirika, Mama," Kidole alisema.

"Kasirika. Si kosa kukasirika. Kosa ni kuifanya hasira iwe hakimu, maana haisikilizi mashahidi. Mimi niliifanya hakimu Jumamosi, ikakuhukumu wewe, na waya ukabaki umelala. Wewe uliifanya hakimu Jumatatu, ikakutuma kwenye mashine usiyoijua, kisha ikakufundisha uongo. Na uongo, mwanangu, ndio uliokula zaidi. Uliukula hata ule ukweli wako wa mwanzo, ambao ulikuwa mali yako halali."

"Na uongo wa kwako?"

"Wa kwangu jana ulikuwa karibu kunila. Nilipokiona kile kijino, kulikuwa na dakika moja nzima niliyotamani kunyamaza." Mama alipangusa jasho. "Kuanzia leo nitakuuliza kabla ya kukuhukumu. Na wewe utanijibu kweli hata ikikuponza. Tusipofanya hivyo sote wawili, haifanyi kazi."

Kidole alilipiga teke jiwe, likaviringika hadi ukingoni mwa barabara, akawa analifuata.

"Sawa," akasema. "Lakini leo bado nitanuna mpaka jioni."

"Nuna," Mama alisema, akimshika bega na kumvuta kwa ndani. "Ila nuna ukitembea upande huu. Huko kuna pikipiki."